Nipo kwenye bango, sipo kwenye orodha ya waliopanda cheo

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mwalimu wa kompyuta chuoni, mwaka huu natimiza miaka tisa kazini. Nafundisha uandishi wa programu, na nje ya saa za kazi nasimamia klabu ya Jumamosi niliyoianzisha mwenyewe kwa ajili ya wasichana. Nilipoanza walikuja watano. Siku hizi viti havitoshi, na hawaji wasichana peke yao: wapo ambao hawakuwahi kugusa kompyuta kabla ya kufika chuoni, wapo waliorudi masomoni wakiwa na watoto wa kulea, na yupo kijana mmoja asiyeona ambaye kwa akili ananizidi hata mimi.

Kazi hiyo imenipa jina. Wageni wakija, naitwa kuwasalimia. Picha yangu iko kwenye bango la lango kuu, nimemwinamia msichana anayetazama skrini, na chini pameandikwa "Teknolojia kwa wote". Nimo kwenye kamati nne. Kamati ikiundwa na ikaonekana haina mwanamke, simu inayolia ni yangu.

Lakini nimeomba kupandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili nimekosa. Mara ya kwanza niliambiwa sina machapisho ya kutosha. Mara ya pili mkuu wa idara, ambaye si mtu mbaya, aliniita ofisini akaniambia, "Hiyo klabu yako ni jambo jema sana, ila ni kazi ya kujitolea. Haihesabiki." Wenzangu wawili niliowatangulia kazini wamepanda. Wao Jumamosi wanaandika makala zao.

Kuna mwenzangu mwingine, anafundisha somo la utangulizi la mwaka wa kwanza. Huyo husema waziwazi kwamba mlango haujafungwa, anayetaka ataingia, na kwamba mimi nawadekeza watu. Siku ya kwanza huuliza darasa zima, "Nani hapa amewahi kuandika programu?" Mikono ikiinuka, anaanzia pale walipo wenye mikono juu.

Muhula uliopita msichana niliyemtegemea kuliko wote klabuni aliacha somo akahamia idara nyingine. Nilipomuuliza kulikoni akanijibu, "Mwalimu, Jumamosi najiona niko nyumbani. Jumatatu najiona nimekosea mlango." Tangu siku hiyo silali vizuri.

Lipo jingine naona haya kuliandika. Mimi mwenyewe siku hizi siandiki programu. Nafundisha kwa mifano ileile ya miaka mitano iliyopita. Juzi mwanafunzi alinisahihisha mbele ya wenzake, na alikuwa sahihi. Nilicheka nao, lakini moyoni nikasema, basi, nimeshakuwa mtu wa mabango.

Sasa kampuni moja kubwa inanitaka niende nikaongoze mpango wake wa ujumuishi. Mshahara ni karibu mara mbili ya huu. Chuo kiliposikia nacho kikaja na lake: niwe mratibu wa usawa na ujumuishi, nipewe ofisi, niache kufundisha. Rafiki yangu anasema nikatae yote mawili, nifunge klabu, niandike makala kama wenzangu mpaka nipate cheo, halafu ndipo nianze kusaidia watu.

Nyumbani nina binti wa miaka kumi. Wiki iliyopita nilimwambia aje klabuni ajaribu. Akasema hapendi kompyuta. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu zinakuchukua kila Jumamosi."

Bibi, nishike njia ipi?

Mwalimu wa Jumamosi

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilisimama mbele ya darasa la kompyuta kwa miaka mingi, kwa hiyo leo unajibiwa na mtu wa kazi yako, na univumilie nikiwa mkali.

Umeniuliza kuhusu njia tatu. Barua yako ina jambo la nne, nawe umelipitia mbio: msichana aliyehama. Hujaniambia ni wangapi wamehama kama yeye, na nadhani hujui. Katika miaka hii tisa, walioanzia klabuni wangapi wamemaliza masomo ya kompyuta? Wanaoingia unawajua kwa majina. Wanaotoka hutoka kimya, mmoja mmoja, kwa fomu ya kuhama inayopita ofisi isiyokuwa yako.

Waliotutangulia walisema kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Idara yako ndiyo mchukuzi. Kila anayeacha somo la utangulizi anapunguza karatasi moja ya kusahihisha, anaacha nafasi moja maabara, na wastani wa alama za waliobaki unapanda. Sisemi kwamba mwenzako anafurahia. Nasema hakuna kinachomuuma. Nawe unafuata nyuma, unaokota vinavyodondoka, siku yako ya mapumziko, bila malipo. Tena kadiri unavyookota vizuri, ndivyo anayebeba anavyozidi kusahau kwamba pakacha lina tundu.

Wapo waliowahi kulishona. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 7 tu ya wanaoanza shahada ya kompyuta. Jane Margolis na Allan Fisher wakakaa na wanafunzi zaidi ya mia moja, wa kike na wa kiume, wakawahoji na kuwarudia kadiri masomo yalivyoendelea. Wanawake wengi waliokata tamaa hawakuwa wameshindwa masomo. Walikuwa wameketi karibu na vijana waliochezea kompyuta tangu utotoni, wakadhani kutangulia kule ni kipaji, nao wamenyimwa. Tena wengi wao walikuwa wameipenda kompyuta kwa ajili ya kitu kingine, tiba, elimu, lugha, kisha wakaambiwa kwa vitendo kwamba anayestahili ni yule anayeipenda mashine yenyewe mpaka analala nayo. Chuo kikabadilika. Uzoefu wa kuandika programu ukaacha kuwa na uzito mkubwa katika kuchagua wa kuingia, mwaka wa kwanza ukawa na njia zaidi ya moja za kuanzia, na walimu wa sekondari nao wakaitwa wakafundishwa. Mwaka 2000 wanawake walikuwa asilimia 42 ya walioanza.

Usiniulize klabu ilichangia nini hapo. Waliohangaika walihangaika na mlango wenyewe.

Harvey Mudd, chuo kidogo huko California, kilifanya kama hivyo tangu karibu na mwaka 2006, Maria Klawe alipoingia kuwa rais wake. Somo la utangulizi liligawanywa: waliowahi kuandika programu wakakaa darasa lao, wasiowahi wakakaa lao. Java, lugha ya kuandikia programu, ikaondoka, na Python, lugha nyingine iliyo nyepesi kwa anayeanza, ikaingia, na mazoezi yakageuzwa kuwa matatizo ambayo mtu angetaka kweli kuyatatua. Kwa miaka michache tu wanawake walitoka karibu asilimia 10 wakafika karibu asilimia 40. Kulikuwa na mbinu moja ndogo humo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haitaki fedha wala kikao. Yule mwanafunzi anayejibu kila swali na kutaja mambo ambayo wenzake hawajayasikia, mwalimu humwita pembeni. Humwambia anafurahi kuwa naye, na anaomba mazungumzo hayo wayafanye wao wawili nje ya kipindi, maana wengine wanaogopa. Basi. Kijana haoni ameadhibiwa, na darasa linapata pumzi.

Sasa rudi kwenye swali la mwenzako, "Nani hapa amewahi kuandika programu?" Kwa sentensi moja ameshatenga wenyeji na wageni, na kila mgeni amewaona wenyeji walivyo wengi. Msichana wako alikosea mlango siku ile. Muhula mzima uliofuata ulikuwa wa kuthibitisha tu. Na si maneno peke yake: mwaka 2009 mtafiti wa saikolojia Sapna Cheryan na wenzake walionyesha kwamba hata mapambo ya chumba yana sauti. Chumba kilipowekwa mabango ya Star Trek, ile hadithi ya filamu za anga za juu, na makopo ya soda, wanawake walisema kompyuta inawavutia kidogo kuliko wanaume walivyosema. Vitu hivyo vilipobadilishwa kwa picha za mandhari na vikombe vya kawaida, hamu yao ikalingana na ya wanaume.

Mwenzako akikuambia ni maumbile, usibishane naye. Weka mezani tarakimu mbili: nchini Marekani, katikati ya miaka ya 1980 wanawake walikuwa takriban asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya kompyuta, na kufikia mwaka 2010 walikuwa wameshuka hadi takriban asilimia 18. Maumbile hayageuki kwa robo karne. Kompyuta za nyumbani zilikuja, zikatangazwa kama mchezo wa wavulana, na walimu wakaanza kufundisha wakianzia pale wavulana walipofika. Kisha nenda kazini kwako, maana hoja haikuwahi kumgeuza mtu anayesahihisha karatasi chache.

Ninachokushauri ni hiki: omba upewe somo la utangulizi. Najua wengi wanalikimbia, darasa kubwa, vilio vingi, sifa hakuna. Ndiyo maana hutanyang'anywa. Ukilipata, fanya Jumatatu kile unachokifanya Jumamosi. Wanafunzi waandike programu wawili wawili, wakibadilishana kibodi. Waanze kwa kusoma na kupanga upya msimbo uliovurugwa kabla ya kuandika wa kwao kwenye skrini tupu, kwa sababu skrini tupu ndiyo inayowatoa machozi. Usiulize nani anajua, ila kila mmoja akujazie karatasi nyumbani, uisome peke yako. Klabu iache iwe mahali pa wanaopenda kuwa pamoja, isimamiwe na wanafunzi wa mwaka wa tatu, isiwe tena wodi ya waliojeruhiwa wiki nzima.

Kuhusu cheo, rafiki yako amekosea nusu. Ni kweli bila kuandika hupandi. Amekosea anaposema uache hili ndipo uandike. Namna watu wanavyojifunza kompyuta ni uwanja kamili wa utafiti, wenye majarida na mikutano yake. Mkutano wa SIGCSE, wa walimu na watafiti wa elimu ya kompyuta, umekuwepo tangu 1970. Mark Guzdial alijenga jina lake humo. Chuo chake, Georgia Tech cha Marekani, kilipoamua mwaka 1999 kwamba kila mwanafunzi asome kompyuta, wale wa biashara na wa fasihi walianguka na kuacha kwa wingi. Mwaka 2003 Guzdial akaanzisha somo ambalo mtu hujifunza mambo yaleyale, marudio, masharti, safu za data, lakini kwa kubadili rangi za picha na kugeuza sauti nyuma mbele. Walioacha wakapungua sana. Aliandika alichofanya, akaeleza alivyopima, akahesabiwa kuwa mtafiti. Wewe una miaka tisa ya hayo na hujaandika ukurasa.

Anza na jedwali la safu nne: aliyejiandikisha, kama alikuwa na uzoefu, wiki aliyoacha kama aliacha, na kama alichukua somo la pili. Omba rekodi za miaka mitano nyuma, majina yakiwa yameondolewa, na kama unakusudia kuchapisha, pata kwanza kibali cha maadili ya utafiti. Halafu, na hapa nakugusa kidonda, usimpe mtu mwingine aichambue. Andika programu mwenyewe. Isome faili, isafishe, ihesabu, ichore. Itakuchukua wiki tatu na utalaani mara nyingi, kwa sababu vidole vimekauka. Hiyo ndiyo dawa ya kuwa mtu wa mabango, sijui nyingine. Yule aliyekusahihisha mbele ya wenzake mpe programu hiyo aikague. Darasa likiona mwalimu anatafuta kasoro kwenye msimbo wake kwa utulivu, litajifunza kitu ambacho mifano yako ya miaka mitano haikuwahi kulifundisha.

Siku ukimpelekea mkuu wa idara jedwali hilo, hapatakuwa tena na "jambo jema sana". Patakuwa na tundu lenye ukubwa unaojulikana. Mwombe basi vitu viwili kwa maandishi: marekebisho ya somo yaingie kwenye majukumu yako rasmi na kwenye vigezo vya kupandishwa cheo, na utoke kwenye kamati tatu kati ya nne. Ile unayobaki nayo iwe inayopanga mitaala. Wanawake wengine wa kujaza viti watapatikana, au wataajiriwa, na hilo nalo si baya.

Nafasi ya mratibu ikatae. Ofisi isiyo na fungu la fedha wala mamlaka juu ya somo lolote ni bango lililopewa kiti. Tena wanakuondoa darasani, mahali pekee pale chuoni ambapo unaweza kuthibitisha unachosema. Nikikumbuka hilo bango lenu nakumbuka picha za ENIAC, kompyuta iliyoonyeshwa kwa umma mwaka 1946. Wanawake sita ndio walioipangia programu, Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Picha zao zilikuwepo miaka yote. Mwanafunzi mmoja, Kathy Kleiman, alipouliza katika miaka ya 1980 hawa ni akina nani, akajibiwa kwamba ni warembo tu waliosimamishwa kupamba mashine. Kupigwa picha hakukuwasaidia. Majina yao yalirudi kwa sababu kuna mtu aliyekwenda kutafuta kazi yenyewe waliyoifanya.

Kampuni ni suala jingine, na sitakuzuia kwa kukutia aibu ya fedha. Mwalimu naye anakula. Ila kabla ya kusaini waulize: nitawajibika kwa nani, mkurugenzi mkuu au idara ya mawasiliano? Fungu langu ni kiasi gani, na nani anaweza kulikata? Nitakuwa na sauti katika usaili na katika kupandisha watu vyeo, au kazi yangu ni kuandaa semina? Aliyekuwepo kabla yangu aliondoka kwa nini? Hilo la mwisho uliza mara mbili. Nafasi za namna hii ndizo za kwanza kufutwa mambo yakibana. Wakikujibu vizuri na majibu yakaingia kwenye mkataba, nenda ukitaka, hutakuwa umesaliti mtu. Kuna watu wengi wanaofika hadi kuhitimu, kisha wakaondoka kazini kwa sababu zilezile za darasani, na huko nako panahitaji mtu. Wakikujibu kwa tabasamu, umeshajua.

Mimi kwa upande wangu ningewaomba muda, nikaenda kwa mkuu wa idara na jedwali, na uamuzi wangu ningeuweka kwenye jibu lake. Akiandika, baki. Akisema tena haihesabiki, usimpe mwaka wa kumi.

Yule kijana asiyeona. Umesema anakuzidi akili, na bado umemtaja kwenye orodha ya wanaosaidiwa. Mfanye msaidizi wako wa somo, kwa malipo yale wanayopewa wasaidizi wengine. Kazi yake ya kwanza iwe kupitia vifaa vyako vyote akitumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, akuorodheshee vilivyomfungia nje. Zile lugha za kuburuta vipande kwa kipanya atazikataa haraka, na atakuwa na haki. Mwulize kama ameijua Quorum, lugha ya kuandikia programu iliyotengenezwa na Andreas Stefik awali kwa ajili ya wanafunzi wasioona, ambayo sasa hutumiwa na wanaoona pia. Pengine yeye ndiye atakufundisha wewe.

Na binti yako. Usimlete klabuni, wala usimnunulie roboti la kujifunzia. Hajaikataa kompyuta, amekudai wewe. Jumamosi hii mwulize mwende wapi, na akisema mpira, mwende mpirani, simu ibaki nyumbani.